Waranti ya gari la mtumba: nani anamdhamini nani?



Ninaye mjomba wangu huko Newala. Kwetu sisi watu wa kusini mjomba si mtu wa kufanyiwa mchezo. Akikuita unakwenda, na ukifika unakaa chini kwanza ndipo unapoulizwa habari za safari. Mjomba huyu ni mkulima wa korosho tangu ujana wake. Hana mashamba makubwa ya kutisha, lakini mikorosho yake anaipalilia, salfa anapuliza kwa wakati wake, na korosho anazianika zikakauka sawasawa kabla ya kuzipeleka chama cha msingi. Msimu uliopita mavuno yalikubali na bei haikuwa mbaya. Pesa zilipoingia benki hakuoa mke wa pili, wala hakukimbilia kubadilisha bati. Alisema umefika wakati wa kununua gari, Noah ya mtumba, ili mwanawe ambaye amekaa na leseni mfukoni miaka miwili apate kubeba abiria kati ya Newala na Masasi.

Akasafiri hadi Dar es Salaam, akazunguka kwenye yadi za magari, akaliona gari lililomkaa moyoni. Bei shilingi milioni 14. Alipokuwa anajiandaa kuondoka ili akatafakari, muuzaji akamfuata hadi getini. "Mzee wangu," akamwambia, "ukiongeza milioni moja na laki mbili tu, nakupa na waranti ya mwaka mzima. Injini ikifa, giaboksi ikifa, sisi tupo." Akampa karatasi nne za mkataba, zimeandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, herufi zake ndogo kama mbegu za mchicha.

Hapo ndipo simu yangu ilipolia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wewe mtu wa redio, kazi yako ni kusoma. Njoo unisomee karatasi."

Nikaenda. Tuliketi chini ya mwembe, mjomba, mwanawe na mimi, tukaisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari kwa muda wa saa mbili na zaidi. Yale tuliyoyaona nimeona niwaletee na ninyi, kwa sababu najua kuwa mjomba wangu si mtu pekee aliyepewa karatasi ya namna hiyo mwaka huu. Wapo pia wanaoagiza magari moja kwa moja kutoka Japani kwa simu ya mkononi, na baadhi ya wauzaji wa huko nao huuza hati ya waranti kwa pesa ya ziada. Swali ni lile lile: ununue au usinunue?

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Waranti ni ahadi ya muuzaji au mtengenezaji kwamba kitu alichokuuzia ni kizima, na kikiharibika katika muda fulani atakitengeneza. Gari jipya kutoka kiwandani huja na waranti, na gharama yake imo ndani ya bei. Anachouziwa mjomba ni kitu kingine. Ni mkataba wa matengenezo unaolipiwa pembeni. Wamarekani walilitambua hilo zamani. Sheria yao ya mwaka 1975 inayohusu waranti inatenganisha waliyopewa wanunuzi ndani ya bei na yale wanayoyanunua juu ya bei, na hayo ya pili inayaita mkataba wa huduma. Sisi huku yote tunayaita waranti, na kwa jina hilo moja tunachanganywa.

Tena isichanganywe na bima. Mwenye gari analazimika kisheria kuwa na bima, walau ile ndogo ya kulinda watu wengine. Bima kubwa italipa gari likigongwa, likipinduka, likiibwa au likiungua moto. Lakini injini ikinoki yenyewe kwa uchakavu, bima kubwa haihusiki. Muuzaji wa waranti analijua pengo hilo, na ndilo analolifanyia biashara. Kwa hiyo pengo lipo kweli. Tatizo ni kama karatasi anayoiuza inaliziba.

Haya, tuisome karatasi.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri mno. Ulisema injini na giaboksi vinalindwa kwa miezi 12. Mjomba akatabasamu. Ukurasa wa pili ukataja vitu visivyolindwa, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza: tairi, betri, shokapu, bushi, boljointi, breki, mikanda yote, mipira yote ya maji, rejeta, plagi, taa, na mfumo wa umeme. Kijana wa mjomba akauliza: "Sasa si ndivyo vitu vinavyokufa?" Nikamwambia ndivyo. Barabara zetu za uwandani zinajulikana. Ipo lami inayoendelea kujengwa, lakini kutoka njia kuu kwenda vijijini ni mchanga na makorongo, na ukiteremka kutoka Newala kuelekea Masasi breki na rejeta ndizo zinazopata taabu kwanza.

Angalieni pia ujanja uliojificha katika neno "mikanda yote". Baadhi ya injini huendeshwa na mkanda wa taimingi ambao watengenezaji wengi hushauri ubadilishwe kila baada ya kilometa 100,000 hivi. Mkanda huo ukikatika gari likiwa katika mwendo, kwa baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni na injini inakufa papo hapo. Injini inalindwa na karatasi, mkanda haulindwi. Na karatasi ilisema wazi kwamba uharibifu uliosababishwa na kitu kisicholindwa nao haulindwi. Vivyo hivyo kwa rejeta. Rejeta ikitoboka, gari likachemsha, hedi ikapinda, utaambiwa chanzo ni rejeta, na rejeta haimo. Kumbe injini inalindwa dhidi ya kifo kisicho na sababu, na vifo vya namna hiyo ni vichache.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa masharti. Gari lifanyiwe huduma kila kilometa 5,000 katika gereji ya muuzaji, na risiti zitunzwe. Gereji hiyo iko Dar es Salaam. Kutoka Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500 kwenda peke yake. Gari la abiria linaloshuka na kupanda kila siku linamaliza kilometa 5,000 katika muda usiozidi miezi miwili. Kwa hiyo kila baada ya muda huo kijana aache abiria, ajaze mafuta, aende Dar es Salaam kumwaga oili, alale, arudi. Na gari likifia Masasi, karatasi ilisema lifikishwe gereji kwa gharama ya mnunuzi. Mjomba akapiga hesabu ya lori la kulibeba, akanyamaza.

Kisha tukafika sharti la mwisho kabisa, chini ya ukurasa wa nne. Waranti haitatumika kwa gari linalofanya biashara ya kubeba abiria au mizigo.

Ndugu wasikilizaji, mjomba alikuwa amekwisha mwambia muuzaji kwamba gari litabeba abiria. Alimwambia waziwazi, tena kwa furaha. Muuzaji akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumsifia waranti. Siku ambayo gari lingebandikwa namba nyeupe za biashara, siku hiyo hiyo ile milioni moja na laki mbili ingekuwa imekufa, kabla injini haijafa.

Siwezi kusema muuzaji alidanganya. Kila kitu kiliandikwa. Kiliandikwa tu katika lugha ambayo mnunuzi haisomi, kwa herufi ambazo macho ya mtu wa miaka 60 hayazioni. Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuumwa na nyoka huyu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari dogo katika yadi ambayo sitaitaja, nikalipia karatasi kama hiyo, na sikuisoma. Mimi ninayesoma taarifa ya habari! Giaboksi ilipoanza kuteleza nilikwenda na karatasi yangu kifua mbele, nikaonyeshwa sharti namba fulani, nikarudi nyumbani kwa daladala. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tuseme sasa kwamba karatasi ni nzuri, haina mitego hiyo. Je, bei yake inafaa? Hapa tupige hesabu, na ni hesabu ambayo mtu yeyote aliyepima korosho kwenye mizani anaiweza. Karatasi ya mjomba iligharimu shilingi 1,200,000, na iliweka kikomo cha malipo cha shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Maana yake, hata injini ikifa kabisa, hapati zaidi ya milioni tatu. Chukua magari matano yenye waranti hiyo. Wenye magari kwa pamoja wamelipa milioni sita. Ili wapate kurudishiwa milioni sita yao, lazima magari mawili kati ya matano yaue injini au giaboksi ndani ya mwaka mmoja na yalipwe mpaka kikomo. Mawili kati ya matano!

Nilimuuliza mjomba: "Ungenunua mbegu kwa mtu ambaye mbegu zake mbili kati ya tano hazioti?" Akacheka. Ndiyo maana ya hesabu hii. Ikiwa magari ya yadi ile ni mazima, basi waranti ni ghali mno na haifai. Ikiwa waranti inafaa kwa bei ile, basi magari ni mabovu na hayafai kununuliwa. Kwa vyovyote vile mnunuzi anaambiwa jambo moja, kwamba pesa yake aitumie kulichunguza gari kabla hajalinunua.

Jambo hili lina historia yake katika elimu ya uchumi. Mwaka 1970 mchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa nyepesi, hata majarida kadhaa yaliikataa kwanza. Alisema muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anataka kutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo ni ndogo, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anafurahi, analileta. Mwisho wake sokoni yanabaki mabovu mengi. Makala hiyo ilimsaidia kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz. Na Akerlof alitaja moja ya dawa za ugonjwa huo kuwa ni waranti, maana inauhamishia hasara yule anayejua ukweli wa gari, yaani muuzaji.

Lakini angalieni vizuri. Dawa inafanya kazi pale muuzaji anapoibeba hasara mwenyewe. Mtu akikwambia, "Gari hili nalijua, likifa injini ndani ya miezi mitatu nalitengeneza kwa pesa yangu," huyo ameweka mfuko wake mezani. Akikwambia, "Ukitaka ahadi yangu, nilipe kwanza milioni na zaidi," huyo hajakuhakikishia kitu juu ya gari. Amekuuzia bidhaa ya pili.

Tukumbuke pia magari haya yanatoka wapi na kwa nini yanauzwa. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Gari likizeeka wenyewe huona heri waliuze, wanunue jingine. Hupelekwa mnadani, na huko hupewa karatasi ya mnada yenye alama za hali yake. Gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa huandikwa hivyo. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Sisi Tanzania hatuna ukomo huo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo magari mengi yanayotufikia yamekwisha kula chumvi. Ukaguzi wa TBS unatusaidia kujua kwamba gari linafaa kutembea barabarani siku lilipokaguliwa. Hauhesabu siku zilizobaki katika uhai wa injini, na wala haukuwekwa kwa kazi hiyo.

Baadhi yenu mtauliza: je, sheria haipo? Ipo. Tunayo Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inaweka masharti ndani ya mauziano hata kama hayakuandikwa. Kwa mfano, ukimweleza mfanyabiashara unakitakia kazi gani kitu chake, ukaonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Tunayo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji dhidi ya maneno ya kupotosha, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Lakini sheria hiyo ya Sura ya 214 inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na ndiyo maana risiti nyingi za yadi huandikwa kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo. Aidha, ukiwa umelikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi wako ulipaswa kuuona. Basi kabla ya kutia saini soma risiti, na yale uliyoahidiwa kwa mdomo yaandikwe juu ya risiti hiyo kwa Kiswahili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sitaki mniondokee mkidhani kwamba nasema waranti zote ni za kutupwa. La hasha. Upande wa pili una hoja yake, na kwa mkulima wa korosho hoja hiyo ni nzito. Mshahara wa mwezi unakuja kila mwezi. Pesa ya korosho inakuja kwa msimu, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, kisha ni kusubiri. Injini haisubiri msimu. Ikifa mwezi Machi, wakati ghala ni tupu na ada za shule zimekwisha lipwa, mkulima hana pa kushika. Tena hata msimu wenyewe una mashaka. Tunakumbuka mwaka 2018, ulipozuka mgogoro wa bei na Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wako waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata huku uhakiki ukiendelea. Mtu aliyekuwa amekopa gari kwa matumaini ya korosho alikiona cha moto mwaka ule. Mwenye kipato cha namna hiyo ana haki ya kutafuta mtu wa kumbebea hasara kubwa ya ghafla, hata kwa kulipa kidogo zaidi ya thamani yake.

Kwa hiyo waranti inaweza kufaa, lakini kwa masharti yako wewe. Uliza maswali haya sita, na majibu yake uyaone kwenye karatasi, usiyasikie tu. Kwanza, inahusu gari la biashara? Pili, gereji iko wapi, na je, fundi wa Masasi au Mtwara anaweza kufanya kazi hiyo akalipwa? Tatu, kikomo cha malipo ni kiasi gani ukilinganisha na bei ya kushusha injini nyingine kamili? Nne, chanzo kikiwa rejeta au mkanda, injini inalipwa au hailipwi? Tano, anayeahidi ni nani, yadi yenyewe au kampuni ya bima iliyosajiliwa? Kama ni bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inaijua. Kama ni yadi, jiulize kama itakuwapo mwakani, maana yadi ikifungwa na ahadi imefungwa. Sita, karatasi ipo kwa Kiswahili? Muuzaji akijibu vizuri yote sita, mpe mkono. Akikwama katika la kwanza, usipoteze muda na la pili.

Baada ya kusoma tukakaa kimya kidogo. Mjomba akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kata ya maji ya kunywa. Akanipa, halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi hapa studio.

Mnajua kwamba uwanda wa Makonde hauna mito. Mchanga unakunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini kabisa kwenye miteremko. Bibi zetu walikuwa wakiteremka na mitungi kabla ya jua, wakipanda nayo kichwani. Mradi wa kusukuma maji ya bomba ulijengwa miaka ya 1950, lakini hadi leo nyumba nyingi za Newala zinakinga mvua ya paa na kuihifadhi katika kisima kilichojengwa uani. Mjomba akasema: "Mpwa wangu, yule anataka nimlipe anitunzie maji Dar es Salaam, na siku nikipata kiu niyafuate huko na mtungi wangu. Mimi kisima ninacho hapa uani."

Alimaanisha hivi. Ile milioni moja na laki mbili asimpe mtu. Aigawe. Sehemu moja itumike kumpeleka fundi Dar es Salaam akalitazame gari kabla ya kulipa. Sehemu iliyobaki iwekwe katika akaunti ya peke yake, jina lake "injini", na kila wiki kijana atie kidogo kutokana na nauli za abiria. Pesa hiyo isiguswe kwa harusi wala kwa unyago. Gari lisipoharibika, pesa ni ya mjomba. Waranti isipotumika, pesa ni ya muuzaji. Akiba haiozi.

Basi mjomba akamchukua fundi mmoja wa Masasi, mtu aliyeshusha injini za Noah mpaka amezichoka. Nauli, chakula, malazi na ujira wake viligharimu laki mbili na nusu. Walifika yadi saa moja na nusu asubuhi. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akamwangalia mjomba. Boneti lilikuwa la moto. Gari lilikuwa limekwisha washwa mapema na kupashwa, kabla ya mnunuzi kufika. Injini iliyochoka hujitangaza asubuhi inapowashwa ikiwa baridi, kwa moshi wa buluu wa kuchoma oili au kwa mlio wa kugonga. Ikisha pata moto huweza kunyamaza. Fundi akaomba arudi kesho yake aliwashe mwenyewe likiwa baridi, na afungue kifuniko cha rejeta aone kama maji yamechanganyika na oili. Muuzaji akasema, "Mzee, waranti si unayo? Ukaguzi wa nini tena?"

Jibu hilo liliwatosha. Waliondoka bila ugomvi.

Siku ya tatu walipata gari jingine katika yadi nyingine, la umri uleule. Muuzaji aliwaachia wawashe likiwa baridi, wapime kwa mashine ya kusoma hitilafu, wavute kijiti cha oili, wanuse oili ya giaboksi kama imeungua, walinganishe namba ya chesisi na kadi. Fundi akakuta shokapu mbili za nyuma zimekwisha na mkanda umezeeka. Bei ikashuka kwa sababu hizo, hadi milioni 13 na laki sita. Muuzaji hakuwa na waranti ya kuuza. Lakini alikubali kuandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, nyuma ya risiti, kwamba injini ikifa ndani ya siku 30 atachangia nusu ya gharama, popote gari litakapokuwa. Ahadi fupi, lakini ya bure, na yenye saini.

Je, mambo yameishia raha mustarehe? Gari ni gari. Mwezi Machi, mvua zikiwa kali, rejeta ilitoboka kwenye mteremko. Kijana alikuwa amefundishwa na fundi kuutazama mshale wa joto, akasimama mara moja, akazima. Abiria walinung'unika, wengine wakaendelea na safari kwa bodaboda. Rejeta na kazi ya fundi viligharimu shilingi 380,000, pesa ikatoka katika akaunti ya "injini". Ile karatasi ya kurasa nne isingelipa hata senti tano kati ya hizo. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema mjomba alikuwa salama kabisa. Kama injini ingekufa siku ya 31, akaunti yake isingetosha, na tungekuwa tunachangishana katika ukoo. Alilijua hilo. Alichagua hatari anayoiona kwa macho yake, akaiacha hatari iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Nanyi pia mtachagua. Ninachowaomba ni kwamba mchague baada ya kusoma. Kama lugha ya karatasi huijui, mwite mtoto wa jirani aliyeko sekondari, mwite mwalimu, mwite mpwa wako hata kama ni mtu wa redio mwenye kelele nyingi. Kuuliza si ujinga. Na muuzaji akikuharakisha akisema ofa inaisha leo jioni, mwambie kwamba kwenu mtu hununua shamba baada ya kulitembelea, na gari ni ghali kuliko mashamba mengine.